Nyumba ya Mvuke Kando ya Maji: Historia ya Sauna na Swali la Sinza

1. Utangulizi

Katika mitaa ya Sinza, kuanzia barabara ya Shekilango hadi Mori na Madukani, lipo neno moja la Kifini ambalo limezoeleka kwenye mabango ya saluni na nyumba za kulala wageni. Neno hilo ni sauna. Mara nyingi limeandikwa pamoja na neno masaji, na kwa Wakristo wengi wa maeneo haya maneno hayo mawili yamekwisha kuwa na harufu mbaya. Mzazi akisikia kwamba kijana wake amekwenda sauna hufadhaika. Swali hilo hufika hata mezani pa wazee wa kanisa: je, mshirika anayefanya kazi katika nyumba ya namna hiyo, au anayekwenda huko kuoga, awekwe chini ya marudi ya kanisa?

Makala hii haikusudii kutoa hukumu juu ya nyumba yoyote iliyoko Sinza. Inakusudia kwanza kuuliza historia. Neno hilo limetoka kwa watu ambao wengi wao ni Walutheri kama sisi, na kwao lina heshima karibu sawa na ile ya kanisa. Imekuwaje, basi, kitu kilichoheshimiwa kule kikawa aibu hapa? Je, kosa limo katika mvuke wenyewe, au katika jambo jingine? Tutatazama kwanza sauna ilivyokuwa na ilivyo katika nchi za Kaskazini, kisha namna Kanisa lilivyohusiana na mabafu tangu mwanzo, halafu tutarudi pwani yetu, ambako nyumba za mvuke na matumizi ya mvuke si mambo mapya hata kidogo.

2. Nyumba ya mvuke katika nchi za Kaskazini

Walutheri wa Tanzania wana uhusiano mrefu na nchi hizo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wamisionari Wajerumani walipoondolewa vituoni, Waswidi walikuja kuzisaidia sharika zilizobaki bila watumishi wa kutosha. Bengt Sundkler alifika Bukoba mwaka 1942. Mwaka 1961 alirudi akiwa askofu, na mwaka 1964 nafasi yake ilichukuliwa na Josiah Kibira. Chama cha Misioni cha Ufini, kilichoanzishwa mwaka 1859 na kuanza kazi kwa Waovambo mwaka 1870, kiliingia Tanganyika mwaka 1948. Upande wa Serikali, kituo cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Norwei, Uswidi na Ufini, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kwa njia hizi wachungaji na walimu wengi wa Tanzania walipata kwenda kusoma katika nchi hizo. Waliofika Ufini wakagundua jambo ambalo halikuwamo katika mtaala: mgeni anayeheshimiwa hualikwa sauna. Kwa mwenyeji, mwaliko huo ni sawa na kwetu kumwambia mgeni apite ndani, asibaki barazani.

Sauna ya zamani ilikuwa kibanda cha magogo kilichojengwa mbali kidogo na nyumba ya kuishi, na mara nyingi kando ya ziwa au mto. Ufini ina maziwa yapatayo 188,000 ukihesabu na yale madogo, kwa hiyo maji hayakuwa mbali. Sababu za kuijenga kando ya maji zilikuwa za kawaida kabisa. Kwanza, maji ya kuogea yalipatikana hapo hapo. Pili, vibanda hivyo viliungua mara kwa mara, na ilikuwa salama zaidi moto ukitokea mbali na nyumba na karibu na maji. Tatu, mtu aliyetoka katika joto kali aliweza kujitosa ziwani apoe. Na wakati wa baridi, ziwa likiwa limeganda, watu walikata tundu katika barafu wakaingia humo kwa muda mfupi, kisha wakarudi kwenye joto.

Aina iliyo ya kale zaidi haikuwa na dohani. Kuni ziliwashwa chini ya rundo kubwa la mawe kwa saa kadhaa, moshi ukajaa chumba chote na kutoka kwa mlango na tundu dogo la ukutani. Mawe yalipopata moto wa kutosha, moto uliachwa uzimike, moshi ukatolewa, ndipo watu wakaingia na kuketi juu ya jukwaa la mbao karibu na dari. Maji yalimwagwa juu ya mawe kwa kata, na mvuke ukapanda. Watu walijipiga taratibu kwa fungu la matawi mabichi ya mti wa birchi ili kuiamsha ngozi. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, lakini chumba hicho cheusi kilikuwa mahali safi kuliko pote katika boma la mkulima.

Kwa sababu ya usafi huo, joto lake, maji yake ya moto na utulivu wake, sauna ilikuwa pia chumba cha wazazi. Wanawake wa mashambani nchini Ufini walijifungulia humo hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Humo wagonjwa walitunzwa, na wenye maumivu waliumikwa, yaani damu ilifyonzwa kwa chuku. Humo pia maiti walioshwa kabla ya kuwekwa katika jeneza. Siku nyingine chumba hicho kilitumika kukausha kitani, kutayarisha kimea na kufukiza nyama. Kwa hiyo mtu angeweza kuzaliwa, kuoga kila juma la maisha yake, na kuoshwa kwa mara ya mwisho katika chumba kimoja kile kile.

Wafini huuita mvuke unaotoka kwenye mawe löyly. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno hilo ni ndugu wa neno la Kihungari lélek, lenye maana ya roho, na kwamba hapo kale lilimaanisha pumzi au uhai. Msomaji wa Agano la Kale atakumbuka mara moja neno la Kiebrania ruach, linalobeba upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Tusijenge fundisho juu ya ulinganifu wa maneno. Hata hivyo, neno hilo linatuonyesha kwamba kwa watu hao kuketi katika mvuke hakukuwa mchezo. Wana methali inayosema kwamba mtu akae saunani kama anavyokaa kanisani: asigombane, asitukane, asipige kelele. Wana nyingine ya mzaha, kwamba pombe kali, lami ya mti na sauna zikishindwa kumponya mtu, basi ugonjwa huo ni wa kifo.

Siku yake ilikuwa Jumamosi. Katika lugha za Skandinavia jina lenyewe la siku hiyo maana yake ni siku ya kuoga. Waiceland huiita laugardagur hadi leo, na Wafini waliliazima jina hilo wakasema lauantai. Nyumba nzima ilioga jioni ile, ikavaa nguo safi, ikalala ikiwa tayari kwa ibada ya Jumapili. Hakuna sheria ya Kanisa iliyowalazimisha kufanya hivyo. Desturi na ibada zilishikana mikono zenyewe.

3. Kanisa na mabafu

Je, Kanisa lilikuwa na mawazo gani juu ya mabafu? Historia inatupa majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Jibu la kwanza ni kwamba Wakristo wa mwanzo walioga katika mabafu ya watu wote kama majirani zao. Ireneo anasimulia habari ya Mtume Yohana huko Efeso, kwamba aliingia katika bafu, akamwona humo mzushi Kerinto, akatoka mbio asije akaangukiwa na paa pamoja na adui wa kweli. Wahubiri hutumia habari hiyo kuonya juu ya uzushi, lakini mara chache hutaja jambo lililo wazi ndani yake: Mtume alikuwa amekwenda kuoga, na hakuna aliyeshangaa. Augustino naye anaeleza kwamba, mama yake Monika alipofariki, alikwenda bafuni akitumaini kwamba maji yangempunguzia huzuni, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba jina la Kiyunani la bafu limetokana na kuondoa majonzi. Anakiri kwamba huzuni haikuondoka. Lakini haoni haya kusema kwamba alikwenda.

Jibu la pili ni la onyo. Klementi wa Aleksandria aliwakemea matajiri waliogeuza bafu kuwa mahali pa anasa na pa wanaume na wanawake kuoga pamoja. Mtaguso wa Laodikia katika karne ya 4 uliwakataza makasisi na Wakristo wote kuoga pamoja na wanawake. Tukisoma onyo hilo kwa makini tutaona kwamba halikukataza bafu. Lilikataza utaratibu mbaya wa kuoga.

Habari za nyumba za mvuke za Kaskazini nazo ziliingia mapema katika maandishi ya Kikristo. Kitabu cha kumbukumbu cha Warusi, kilichokusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, kina hadithi kwamba Mtume Andrea alipita katika nchi ya Novgorod, akastaajabu kuona watu wakijifungia katika mabafu ya mbao yenye joto kali na kujipiga kwa matawi mpaka wakawa hoi. Hadithi hiyo si historia ya Mtume. Ni ushahidi, hata hivyo, kwamba wakati ilipoandikwa desturi hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana, na kwamba mtawa aliyeiandika aliona ni jambo la kuchekesha kuliko la kulaaniwa.

4. Ilikufa wapi, ikaishi wapi

Hapa ndipo historia inapokuwa na fundisho kwetu. Nyumba ya mvuke haikuwa ya Wafini peke yao. Katika Zama za Kati miji ya Ujerumani ilikuwa na mabafu mengi ya watu wote. Uswidi ilikuwa na bastu zake, na Norwei badstue zake. Lakini kufikia karne ya 18 desturi hiyo ilikuwa imefifia karibu kila mahali isipokuwa Ufini na kwa majirani zake wa mashariki na kusini. Kwa nini?

Sababu zilikuwa kadhaa. Kuni zilipanda bei kadiri misitu ilivyopungua. Tauni iliwafanya watu waogope mikusanyiko. Mwishoni mwa karne ya 15 kaswende ilienea Ulaya kwa kasi ya kutisha, na katika miaka ya 1520 Erasmus aliandika kwamba mabafu yaliyokuwa yakipendwa miaka ishirini na mitano tu iliyotangulia yalikuwa yamekuwa baridi. Pamoja na hayo, mengi ya mabafu ya mijini yalikuwa yamegeuka kuwa mahali pa ulevi na ukahaba, na wakuu wa miji, wa Kikatoliki na wa Kilutheri vilevile, hawakusikitika yalipofungwa. Nchini Uswidi katika karne ya 18 waganga na watawala walizishutumu bastu kwamba zinakula kuni na kudhuru afya. Katika sehemu nyingi zilibaki kuwa vibanda vya kukaushia kitani na nafaka, na Norwei vivyo hivyo. Waswidi walikuja kuifufua desturi hiyo katika karne ya 20, na kwa sehemu kubwa walijifunza upya kwa Wafini.

Nchini Ufini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kuni zilikuwapo tele, na hiyo ni sababu kubwa isiyofaa kusahauliwa. Lakini ipo nyingine. Sauna ya Ufini haikuwa ya mji. Ilikuwa ya kaya. Aliyeiwasha alikuwa mama au baba wa nyumba, au mtumishi aliyejulikana kwa jina. Walioingia walikuwa watu wa nyumba hiyo, wafanyakazi wao na jirani aliyealikwa. Kila aliyeketi juu ya jukwaa lile alikuwa mtoto wa fulani au shangazi wa fulani. Uchi ulikuwapo, lakini haukuwa bidhaa, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi.

Je, tuseme basi kwamba fedha ndiyo iliyoharibu mabafu? Jibu hilo ni jepesi mno. Viwanda vilipoanza kuwavuta watu mijini, sauna za kulipia zilifunguliwa Ufini pia. Ile ya Rajaportti mjini Tampere ilianza mwaka 1906 na ingali inafanya kazi. Ya Kotiharju mjini Helsinki ilianza mwaka 1928. Katikati ya karne ya 20 Helsinki ilikuwa na sauna za namna hiyo zaidi ya mia moja. Watu walilipa, na heshima haikupotea. Wanaume walikuwa na upande wao na wanawake upande wao. Watu waliketi wengi pamoja. Mwoshaji alikuwa mara nyingi mwanamke mtu mzima aliyejulikana mtaa mzima. Na wateja walikuwa majirani waliotazamana tena kesho yake kiwandani au kanisani. Kilicholinda heshima hapo ni kwamba mlango ulikuwa na mlinzi anayejulikana, na ndani hapakuwa na siri.

Desturi iliyolindwa hivyo ilivuka mabadiliko makubwa. Uzazi ulihamia hospitalini na maiti wakahamia vyumba vya hospitali, lakini watu waliendelea kuoga. Jiko la umeme liliwezesha sauna kuingia hata katika majumba ya ghorofa. Leo watu zaidi ya milioni 5.5 wa Ufini wana sauna zaidi ya milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

5. Mvuke na maji katika pwani yetu

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wageni tu. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lipo birika la kuogea lenye pembe nane, mahali ambapo jumba linaelekea bahari. Unguja, Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake Mwajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, na kuta zake zilipambwa kwa maua na ndege kwa mtindo wa Uajemi. Mwanawe, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mjini hamamu ambayo imeupa mtaa wa Hamamni jina lake. Ilikuwa na vyumba vya joto na vya baridi, na ilitumika hadi mwaka 1920 hivi. Hiyo nayo ilikuwa nyumba ya kulipia. Na nayo ilisimama juu ya adabu iliyojulikana, kwa maana usafi katika Uislamu ni sehemu ya kujitayarisha kwa sala.

Lakini majumba ya masultani si desturi ya watu wote. Tukitaka kupata ndugu wa kweli wa sauna ya mkulima wa Ufini, hatuna budi kuingia uani. Huko tutakuta nyungu: chungu cha maji yaliyochemka na majani ya mwarobaini, mchaichai, mpera au mkaratusi, mgonjwa akiwa ameketi mbele yake na kufunikwa blanketi ajifukize. Tutakuta mzazi akikandwa kwa kitambaa na maji ya moto na mama yake au bibi yake, siku baada ya siku, mpaka arobaini itimie. Tutakuta chuku, pembe ya kuumikia, ambayo Mfini wa zamani angeitambua mara moja. Na tutakuta kwamba maiti walioshwa nyumbani, na watu wa nyumbani, kabla ya kazi hiyo kuhamia hospitalini kama ilivyohamia huko Ufini.

Vitu hivi vyote vina jambo moja linalovifunga pamoja. Hakuna hata kimoja ambacho mtu alijifanyia peke yake au alifanyiwa na mtu asiyemjua. Bibi aliyekanda alijua mahali pa kukaza mkono na mahali pa kulegeza. Mama aliyeshika blanketi alijua lini mtoto amechoka na moto umezidi. Mvuke ulikuwa mikononi mwa mtu mwenye jina, na mwenye kuwajibika.

Mwaka 2020 tuliona kinachotokea mvuke unapotoka katika mikono hiyo. Ugonjwa wa Korona ulipoingia, kujifukiza kulihimizwa hadharani na viongozi wa nchi, na hata Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliweka mahali pa watu kujifukizia. Wengi walipata faraja, na faraja si kitu cha kudharau. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mvuke hauui virusi hivyo, na madaktari wa nchi mbalimbali walionya juu ya watu kuungua. Desturi iliyokuwa njia ya kumtunza mgonjwa ilitwikwa mzigo wa kuwa dawa ya tauni ya dunia nzima, nayo haikuweza kuubeba. Sisi wachungaji tulipaswa kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyungu ya bibi si uchawi wala upagani, na kwamba si mbadala wa daktari.

6. Sauna ya Sinza

Sasa tunaweza kurudi Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili wananchi wajijengee nyumba kwa utaratibu. Nyumba nyingi zilikuwa na ua, na katika ua mlikuwa na bafu. Mtu aliingia na ndoo yake na kopo lake. Maji yalitoka Ruvu, yalipotoka. Yalipokatika, watu walinunua madumu ya mikokoteni au maji ya boza. Kadiri miaka ilivyopita, viwanja hivyo vya familia viligeuka kuwa baa, maduka, saluni na nyumba za wageni. Wapangaji walikuja na kuondoka. Jirani hakumjua tena jirani.

Sauna iliingia katika mazingira hayo. Haikuletwa na wamisionari, wala haikutoka uani. Ilikuja kama bidhaa, pamoja na masaji, kupitia biashara ya urembo na ya hoteli. Chumba cha mbao, jiko la umeme na mawe yake vinafanana na vya Helsinki. Mahali pengine vinatumika kwa heshima kabisa: wanawake wanaotayarishwa kwa harusi huingia pamoja, au mtu mwenye maumivu ya mgongo hupata nafuu. Mahali pengine kinachouzwa si mvuke. Na tofauti kati ya nyumba hizo mbili haionekani kwenye bango.

Tukichukua kipimo tulichokipata katika historia, tofauti inaonekana mlangoni. Je, wanaoingia ni wengi pamoja, wanaume mbali na wanawake mbali, au ni mteja mmoja na mhudumu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa? Je, mwenye nyumba anajulikana na majirani, au hakuna anayejua jina lake? Je, mhudumu ana mshahara na saa za kazi, au anaishi kwa kile anachopewa na mteja gizani? Haya ndiyo maswali ambayo Laodikia iliyauliza kwa namna yake. Ndiyo maswali ambayo mabafu ya Ujerumani yalishindwa kuyajibu, na ambayo mwoshaji wa Helsinki aliyajibu bila hata kuulizwa.

Swali la mhudumu ndilo zito kuliko yote. Binti anayetoka mkoani kwa ahadi ya kazi ya saluni, akakuta kazi ni nyingine, hana mama wa kumshikia blanketi wala bibi wa kumwambia moto umezidi. Akifika mbele ya wazee wa kanisa, atafika akiwa mshtakiwa. Mteja wake, ambaye huenda ni mshirika anayeketi viti vya mbele, hatafika kabisa. Marudi yanayomwangukia mmoja tu kati ya wawili si marudi ya Injili. Waandishi na Mafarisayo waliomleta yule mwanamke mbele ya Bwana wetu hekaluni nao walimwacha mwanamume nyumbani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba nyumba ya mvuke si jambo la Kikristo wala la kipagani kwa asili yake. Mitume waliyajua mabafu, na Kanisa la kale liliyawekea adabu badala ya kuyabomoa. Desturi hiyo ilikufa mahali ilipopoteza mlinzi na kugeuka soko la miili. Iliishi mahali ambapo kaya, au jamii inayojuana, iliushika ufunguo wa mlango. Pwani yetu ilikuwa na mvuke wake na walinzi wake, na baadhi yao tungali nao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa sharika za mijini. La kwanza, neno sauna lisiwe peke yake sababu ya kumhukumu mtu. Wazee waulize habari kamili, na waulize kwa pande zote mbili. La pili, idara za wanawake na vijana ziwafuate mabinti wanaofanya kazi katika nyumba hizi kabla hawajafika mbele ya baraza, wajue majina yao, wawasaidie kudai mshahara wa halali au kupata kazi nyingine. La tatu, katika mafundisho ya kipaimara na ya ndoa tuseme wazi juu ya mwili, usafi na utunzaji wa wagonjwa, tukiwataja bibi zetu kwa heshima, ili vijana wajue kwamba kuguswa kwa upendo na kuoshwa kwa heshima havikuanza na mabango ya barabarani.

Wafini hawakuihifadhi sauna yao kwa kuihubiri. Waliihifadhi kwa kuwasha moto kila Jumamosi na kujua nani yumo ndani. Usharika unaojua nani yumo ndani na nani amebaki nje peke yake una kazi ya kutosha kuanzia Jumamosi hii.